Reli ya Bububu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapotajwa treni ya Bububu, maswali ni yaleyale, yaulizwe barazani, skuli au ndani ya daladala. Hapa yamekusanywa kwa mafungu, kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni kabisa. Swali linalogusa jengine limeelekezwa huko, ili jambo lisisemwe mara mbili.

## Ya mwanzo

Ni kweli Zanzibar iliwahi kuwa na treni?

Ni kweli, tena si moja. Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash bin Said, kutoka kasri lake la mjini hadi kasri la Chukwani, kusini ya mji. Hiyo ilitandikwa mwaka 1879. Ya pili, kutoka mjini hadi Bububu, kaskazini ya mji, ndiyo watu wengi wanayoikusudia wanaposema "treni ya Bububu". Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney & Co. ya New York, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud. Kazi ilianza 1904 na mwaka uliofuata gari la moshi likawa linatembea.

Zote mbili zilikuwa na urefu wa maili 7 hivi, yaani kama kilomita 11. Nadhani ndiyo sababu hadithi zake huchanganywa. Ukisikia mtu anasimulia treni ya Barghash iliyokwenda Bububu, jua ameunga mbili zikawa moja. Barghash alifariki 1888, na treni ya Bububu ikaja miaka 17 baadaye.

Ile ya Barghash ilibeba nani?

Ilimbeba Barghash, jamaa zake na wageni wake. Mwanzo ilikuwa mabehewa mawili yakivutwa na nyumbu (wale wazao wa punda na farasi, si wa Serengeti). Mwaka 1881 Sultani akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha W. G. Bagnall cha Stafford, Uingereza, yenye magurudumu manne, yote yakisukumwa na mvuke.

Haikuwa njia ya biashara. Hakukuwa na mkulima aliyeitegemea kufikisha nazi zake sokoni, wala mfanyabiashara aliyeweka ghala pembeni yake. Kwa hiyo alipofariki mwenyewe, hapakuwa na mtu mwengine wa kuitetea. Reli ziling'olewa na injini ikaishia kuwa chuma chakavu. Jambo hili lishike, kwani linatusaidia kuielewa ya pili.

Zilitangulia reli za Bara?

Ya Barghash ilitangulia. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria 1896. Ya Bububu haikutangulia: ilipoanza kazi, treni ya Mombasa ilikuwa imeshafika ziwani tangu 1901. Kwa hiyo anayejisifu kwamba Unguja ndiyo iliyoanza ana haki, mradi ataje Chukwani, si Bububu.

Jina la Bububu limetokana na mlio wa treni?

Hapana. Bibi Salme binti Said, dada yake Barghash, alikuwa na makaazi Bububu kabla hajaondoka Zanzibar mwaka 1866, na pahala hapo pakiitwa hivyohivyo. Treni ilipakuta na jina lake.

Na Pemba?

Pemba haikupata reli ya abiria. Watu hudhani ilikuwapo kwa sababu wanafikiri reli ya Zanzibar lazima ilikuwa ya karafuu, na karafuu nyingi ni za Pemba. Lakini karafuu ya Pemba huvuka kwa chombo. Reli ya Unguja ilihudumia ukanda wa kaskazini ya mji tu.

## Njia yenyewe

Ilianzia wapi na kupita wapi?

Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, pale Forodhani, jirani ya Beit el Ajaib. Kutoka hapo ilikatiza mji kwa upande wa Malindi, katika njia nyembamba zenye nyumba na baraza huku na huku, kisha ikatoka nje ya mji na kushika kaskazini kwa upande wa pwani: Maruhubi, Mtoni, Beit el Ras, mpaka Bububu.

Anayeijua njia ya daladala nambari 502 ameshaijua njia ya treni kwa ujumla wake. Si hatua kwa hatua, kwani barabara imetanuliwa na kunyooshwa mara kadhaa, lakini ukanda ni uleule.

Nimesikia ilifika Mkokotoni. Ni kweli?

Ilikoma Bububu. Mkokotoni na Nungwi hazikupata reli.

Ngome Kongwe ndiyo ilikuwa stesheni?

Ngome ilitumika kama karakana na ghala wakati wa ujenzi wa reli. Ngome ni jengo lililobadilishiwa kazi mara nyingi. Imekuwa ya ulinzi, imekuwa jela, imetumiwa na watu wa reli, mwaka 1949 ikageuzwa klabu ya wanawake, na leo wengi wanaijua kwa majukwaa ya muziki na filamu. Ukikaa pale usiku wa Sauti za Busara, umekaa kwenye ua uliowahi kuwekwa vifaa vya reli.

Reli yake ilikuwa na upana gani?

Futi 3, sawa na milimita 914, kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa nyengine. Kwa kulinganisha, reli ya kati ya zamani huko Bara ina milimita 1,000, TAZARA ina 1,067, na SGR ina 1,435. Behewa la Bububu lisingeweza kuwekwa kwenye njia yoyote kati ya hizo.

Kwa nini nyembamba hivyo?

Kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya kona. Reli nyembamba hukubali kukata kona kali, huhitaji tuta dogo, mataruma mafupi (mihimili inayolazwa chini ya reli) na vyuma vyepesi. Njia iliyopaswa kupenya Malindi isingeweza kuwa pana. Picha za zamani zinaonesha gari likipita karibu sana na kuta, na mtu aliyeketi barazani hakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu mpaka lipite.

Wembamba una gharama yake pia. Behewa linakuwa dogo, mzigo unakuwa mdogo, na mwendo hauwezi kuwa mkali, kwani gari lililo juu ya msingi mwembamba huyumba. Kwa kilomita 11 si neno.

## Mizigo na abiria

Ilikuwa treni ya mizigo au ya abiria?

Yote mawili. Hili ndilo swali lenye mengi, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa mapana.

Reli fupi haina anasa ya kuwa na treni za aina mbili. Injini ni chache, wafanyakazi wachache, njia ni moja tu ya kwendea na kurudia. Ukituma treni ya abiria peke yake asubuhi, kisha ya mizigo peke yake mchana, umechoma kuni au makaa mara mbili, umelipa dereva na mchochea moto mara mbili, na pengine zote mbili zimekwenda nusu tupu. Kwa hiyo mabehewa ya watu na ya mizigo hufungwa pamoja nyuma ya injini moja. Abiria anavumilia kusubiri wakati mzigo unapakiwa, na mzigo unaondoka kwa saa maalumu, jambo ambalo gari la ng'ombe halikuweza kuliahidi.

Kwa watu wa shamba huu haukuwa mchanganyiko wa ajabu hata kidogo. Mwenye shamba anayekwenda mjini haendi mikono mitupu. Anakwenda na matenga, na kurudi na mchele, kitambaa na mafuta ya taa. Abiria na mzigo ni mtu yuleyule. Hata leo panda daladala ya shamba asubuhi uone: juu ya paa ndizi na muhogo, ndani wenye ndizi na muhogo wao. Soko la Darajani lilifunguliwa 1904, mwaka uleule kazi ya reli ilipoanza, na tangu hapo mji ukawa na pahala pamoja pa kuyapokea mazao.

Juu ya hayo kulikuwa na kundi la tatu: wageni wa meli. Hao wana fungu lao hapa chini.

Nani aliipanda zaidi?

Wenyeji, hasa wakaazi wa mashamba ya ukanda huo. Reli hii ilipendwa na watu wa kawaida kuliko na Wazungu wa mjini, ambao waliidhihaki sana kwa moshi na mtikisiko wake. Mtu ambaye njia yake nyengine ni kutembea maili 7 na tenga kichwani haoni mtikisiko kuwa hoja.

Kwa nini reli, na si gari la ng'ombe tu?

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halizami wala halikwami. Ukinzani wake ni mdogo mno ukilinganisha na gurudumu la mbao juu ya mchanga au udongo uliolowa. Wakati wa masika, njia ya shamba ikishakuwa tope, ng'ombe wawili wanaweza kushindwa na mzigo ambao injini ndogo inauburura bila kuhema. Hapo ndipo reli hulipa gharama yake: mvua ikinyesha, na mzigo ukiwa mzito.

Ilikuwa ya kampuni au ya serikali?

Ilijengwa na kampuni, kisha baadaye ikaingia mikononi mwa serikali ya wakati ule. Mambo hayo ni ya kawaida kwa reli fupi. Mwekezaji huona faida mwanzoni, kisha hugundua kwamba tuta na madaraja yanataka matengenezo kila mwaka, pawe na abiria pasiwe na abiria.

## Wageni wa meli

Ni kweli kulikuwa na behewa la watalii?

Kweli. Kulikuwa na behewa maalumu la daraja la kwanza kwa abiria wa meli zilizotia nanga Zanzibar. Meli ilikaa kwa muda mfupi, msafiri akashuka kwa mashua, akapelekwa Bububu na kurudishwa kabla meli haijang'oa nanga. Kwa hiyo anayesema utalii wa Unguja ulianza na hoteli za pwani ya mashariki amechelewa kwa miongo mingi.

Waliona nini njiani?

Kwanza mji wenyewe kwa karibu sana, pengine karibu kuliko walivyotaka: milango, baraza, watoto wanaokimbia sambamba na gari. Ukitoka mjini, bahari iko kushoto. Kasri la Maruhubi lilikuwa limeshaungua tangu 1899, kwa hiyo walichokiona ni nguzo zilizobaki na miembe mikubwa. Mtoni, ambako Salme alizaliwa mwaka 1844, kasri la Sultani Said bin Sultan, baba yao Salme na Barghash, lilikuwa likiporomoka. Kisha Beit el Ras, kasri ambalo Said hakuwahi kulimaliza. Baadhi ya mawe yake yalichukuliwa kujengea reli yenyewe, na abiria wa daraja la kwanza walitazama gofu bila kujua kwamba sehemu yake iko chini yao.

Baada ya hapo minazi, na kwa ndani mikarafuu. Bububu ilikuwa mlango wa kwendea Kidichi, kwenye hamamu ya Kiajemi ambayo Said alimjengea mkewe Shehrzad mwaka 1850.

Basi watalii ndio waliokuwa wakiiendesha reli kwa fedha zao?

Sidhani, ingawa wanaouza ziara hupenda kusema hivyo. Angalia mambo mawili. Meli haziji kila siku, na zikija si kila msafiri hushuka. Watu wa mashamba wapo siku zote. Pili, angalia kilichobaki mwishoni: abiria walipoacha, reli haikufa siku hiyo. Ilibaki ikibeba mawe (soma fungu la mwisho wa reli). Behewa la wageni lilikuwa nyongeza nzuri juu ya kazi iliyokuwepo, yaani achari juu ya wali. Wali wenyewe ulikuwa mzigo na watu wa shamba.

## Moshi na cheche

Kwa nini ilichukiwa na baadhi ya watu?

Kwa sababu ya cheche. Injini ya mvuke hupumua kupitia bomba la moshi. Mvuke uliokwisha fanya kazi kwenye silinda haupotezwi. Hurushwa juu kupitia bomba na kwa nguvu yake huvuta hewa ndani ya tanuri, moto ukazidi kuwaka. Ndiyo maana injini inapopanda kilima husikika ikikoroma: kila mkoromo ni pumzi inayochochea moto. Lakini pumzi hiyohiyo hubeba vipande vya kuni au makaa yanayowaka na kuvitupa nje.

Sasa weka mashine hiyo Unguja. Majani makavu kando ya njia, paa za makuti, abiria waliovaa kanzu nyeupe na buibui, na mabehewa ya wazi kwa ajili ya joto. Nguo zilitobolewa na mali za kando ya njia ziliungua, na malalamiko yakawa mengi.

Hakukuwa na dawa?

Ipo: wavu wa chuma ndani ya bomba au kwenye kisanduku cha moshi, unaozuia vipande vikubwa visitoke. Tabu yake ni kwamba wavu ukiwa na matundu madogo sana huzibwa na masizi, moto ukapoa na gari likasimama njiani. Mchochea moto aliyechelewa hushawishika kuutoboa. Reli zote za mvuke duniani zimeujua ubishi huo.

## Mwisho wa reli

Ilisimama lini?

Safari za abiria zenye ratiba ziliendelea hadi 1922. Baada ya hapo ilibaki kuchukua mawe kwa ajili ya kazi za bandari na kujaza ufukwe, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafungwa kabisa.

Iliuliwa na nini?

Barabara na magari. Reli hukushusha stesheni. Kutoka stesheni hadi dukani mzigo unapakuliwa, unapakiwa tena kwenye gari au kichwani kwa mchukuzi, unalipiwa tena. Kwa safari ya kilomita 500 kero hiyo ni ndogo. Kwa kilomita 11, kupakua na kupakia kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Lori likija, linachukua gunia mlangoni na kulishusha mlangoni, na mwenye lori anasimama popote utakapompungia mkono. Barabara ya Bububu ilipotengenezwa vizuri, hoja ya reli ikabaki moja tu: uzito.

Kwa nini mawe yalidumu kuliko abiria?

Jiwe ni zito, halina haraka, na linatoka pahala pamoja kwenda pahala pamoja. Huhitaji ratiba, tiketi wala behewa safi. Na halilalamiki likirushiwa cheche. Kwa malori ya miaka ya 1920, yenye matairi na injini dhaifu, kubeba mawe mengi kwa siku ilikuwa kazi ngumu, na hapo reli bado ilishinda. Kazi za bandari zilipokamilika, mzigo wa mwisho ukaondoka.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema Zanzibar iliiua reli yake kwa kutoithamini. Ilifungwa kazi yake ilipokwisha.

## Ya leo

Naweza kuona nini kilichobaki?

Usitegemee kukuta injini wala reli zilizotandikwa. Unachoweza kukiona ni njia. Panda 502 kutoka mjini, kaa upande wa kushoto, na uombe kushushwa Maruhubi kwanza. Tembea kati ya nguzo na mahodhi ya maji. Rudi barabarani, endelea Mtoni. Kisha Beit el Ras, ambako baraza kubwa ya kasri yenye matao na ngazi imebaki ndani ya viwanja vya chuo. Omba ruhusa mlangoni, watu ni waungwana. Bububu yenyewe leo ni mji mdogo wa maduka na msongamano, na hakuna kitu kitakachokuambia kwamba treni iligeuka hapo. Ukiwa na muda, chukua gari nyengine upande wa Kidichi na mashamba ya viungo.

Nusu siku inatosha. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na foleni haijaanza kurudi mjini.

Picha za zamani nizitafute wapi?

Nyaraka za Taifa, Kilimani, ndipo pa kuanzia. Kadi za posta za miaka ya 1905 hadi 1920 nazo zipo nyingi, kwani wageni wa meli walizinunua na kuzituma kwao. Tahadhari moja: picha yoyote ya treni yenye minazi huuzwa kama "Zanzibar". Tazama upana wa reli ukilinganisha na mtu aliyesimama karibu, na tazama nyumba za nyuma. Njia ya Malindi haifanani na pahala pengine.

Kuna pahala duniani ambapo treni ya namna hii bado inatembea?

Papo, na ndugu wa karibu zaidi wanatumia upana uleule wa futi 3. Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, ni kidogo kuliko Unguja na bado kina treni ya mvuke tangu 1873, sasa kati ya Douglas na Port Erin. Huko Marekani kuna ya Durango hadi Silverton, Colorado, iliyofika Silverton mwaka 1882 kwa ajili ya migodi na sasa ikiishi kwa watalii.

Inayofanana zaidi na Bububu kwa biashara yake ni White Pass, inayoanzia bandari ya Skagway, Alaska. Ilijengwa kati ya 1898 na 1900, ikabeba madini hadi 1982 ilipofungwa, na 1988 ikafunguliwa upya kwa ajili ya abiria wa meli za kitalii. Wanashuka gatini na kupanda treni, wanatazama milima, wanarudi melini. Wazo la lile behewa letu la daraja la kwanza, ila wao wanayo mandhari ya siku nzima na meli nyingi kila kiangazi.

Kwa anayetaka kuona mizigo na matembezi yakiishi pamoja hadi leo, aangalie Strasburg, Pennsylvania. Kibali chake ni cha mwaka 1832, urefu wake ni kama kilomita 7 tu, ni fupi kuliko Bububu. Tangu 1959 inaendesha treni za watalii, na hadi leo inapokea mabehewa ya mizigo kutoka reli kubwa na kuyafikisha kwa wateja wa hapo. Karakana yake pia hutengeneza mashine za reli nyengine kwa malipo. Wamarekani wana reli fupi za mizigo zipatazo 600. Chache ndizo zinazoweza kuishi kwa watalii peke yao.

Treni ya Bububu inaweza kurudishwa?

Kwa njia ileile, hapana. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata bila hiyo, Malindi haina nafasi ya reli na magari na watu kwa pamoja. Nje ya mji, ukanda wa zamani umekuwa barabara, maduka na nyumba za watu. Kuupata tena maana yake ni kulipa fidia kila hatua.

Kwa njia mpya, swali la kuuliza si "watalii watapenda?" Watapenda, bila shaka. Swali ni nani ataitumia siku ya Jumanne ya mwezi wa Mei, mvua inanyesha na hoteli ziko tupu. Reli ya matembezi tu hulipa matengenezo ya mwaka mzima kwa mapato ya miezi michache. Ingekuwepo sababu ya mizigo, mambo yangebadilika. Makontena yanayobanana bandarini Malindi ni mzigo, na bandari inayopangwa Mangapwani, kaskazini ya Bububu, itahitaji njia ya kuyafikisha mjini. Reli fupi inayotembeza makontena usiku na watu mchana, ikiwa na behewa moja zuri kwa wageni wa meli, ingekuwa na mantiki. Hata hivyo malori yatashindana nayo kwa sababu ileile iliyoua ya kwanza: umbali ni mfupi mno. Mimi ningeanza na mabasi mazuri.

Basi hata kipande kidogo cha maonyesho, mita mia mbili tatu?

Hicho kinawezekana na si ghali sana. Lakini tusikiite reli. Kiitwe maonyesho, kiwekwe pahala penye kivuli, na watoto wa skuli waingie bure.

## Ya pembeni kabisa

Babu yangu alisema alifanya kazi kwenye treni. Nitathibitisha vipi?

Hesabu miaka kwanza. Kama alizaliwa baada ya 1915, hakika hakuiendesha. Labda aliipanda mtoto, au alishuhudia mawe yakibebwa. Kama umri unakubali, muulize aliye hai katika ukoo ni kazi gani hasa aliyofanya: kuchochea moto, kutandika mataruma, kupakia? Aliyefanya kazi huacha maneno ya kazi kwa wanawe. Andika unachosikia, pamoja na jina la msimuliaji na tarehe, kabla hujakwenda Kilimani kutafuta karatasi.

Nyumbani kwetu kuna kipande cha reli kinachoshikilia paa. Ni cha treni ya Bububu?

Huenda. Vyuma vya reli vilitumika tena kila pahala kama boriti na nguzo. Lakini kipande kimoja hakikuambii upana wa njia, kwani upana ni nafasi kati ya reli mbili. Pia reli ndogo zilitumika bandarini na kwenye machimbo kwa magari ya kusukumwa kwa mkono, kwa hiyo si kila reli ni ya treni.

Chukua brashi ya waya na usugue taratibu ubavu wa reli, sehemu nyembamba ya kati, kwa urefu wa mita moja au zaidi. Viwanda vingi viliandika hapo jina lao, uzito kwa yadi na mwaka, kwa herufi zilizotokeza. Mwaka wa kabla ya 1880 ukisomeka, una sababu ya kufikiria Chukwani. Ukiwa 1903, 1904 au karibu na hapo, fikiria Bububu. Ukiwa wa baada ya 1930, ni chuma cha pahala pengine. Piga picha ya maandishi ukiweka rula pembeni, pima kimo cha reli na upana wa kitako chake, na uyapeleke hayo Nyaraka za Taifa. Usiipake rangi kabla, na usiikate kuchukua kipande. Ukiikata, paa litakuwa la kwanza kukuuliza.